Shombo Katika Unga wa Mwarobaini

Ukipita Ruaruke asubuhi na mapema, utasikia mifagio. Na ufagio wa Safina ndio ulioanza kabla ya yote. Alifagia uwanja, akafagia uani, akafagia mpaka njia ya watu. Mumewe, Dadi, alimtania kila siku.

"Mama Hashimu, leo utafagia mpaka Kibiti!"

"Heri niitwe mwendawazimu kuliko kuitwa mchafu," Safina alijibu, na ufagio ukaendelea.

Usafi wake ulijulikana kijiji kizima. Sufuria zake ziling'aa. Kanga zake zilinukia udi. Kwa hiyo akina mama walipoanzisha kikundi cha mwarobaini, hawakuhangaika kutafuta mwenyekiti. Walisema kwa sauti moja, "Safina!"

Ngoja nikwambie kikundi chenyewe kilianzaje. Miaka hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Biashara zilikuwa zimefunguliwa. Zamani watu wa Ruaruke waliuza korosho zao kwenye chama cha ushirika, basi, habari imekwisha. Sasa walisikia hodi za wanunuzi wa kila namna. Huyu anataka ufuta, yule anataka ngozi za mbuzi. Ndipo akaja Bwana Felix kutoka Dar es Salaam na pikapu yake, akasema anataka majani ya mwarobaini. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Mwarobaini? Huu unaoota hata nyuma ya choo?"

"Huo huo," alisema Bwana Felix. "Wazungu wa Ulaya wanauhitaji. Wanatengenezea sabuni na dawa ya meno. Wanakamua dawa ya kuua wadudu wa mboga. Wengine wanaunywa kama chai. Ninyi kausheni, twangeni, mimi nitanunua kwa jumla."

Bibi Shamba wa kata, Wilhelmina, alikuja kuwafundisha. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye maneno machache. Aliwakusanya akina mama chini ya banda la kikundi.

"Chumeni majani mabichi yaliyokomaa," alisema. "Ya njano yaacheni. Msichume karibu na mikorosho iliyopuliziwa dawa ya salfa. Msichume kando ya barabara, penye vumbi na moshi wa magari. Yaosheni kwa maji safi. Kisha yaanikeni kivulini, juu ya chanja, yasiguse ardhi."

"Kivulini?" Safina alishangaa. "Jua lote hili la Mungu tuliache?"

"Liacheni, mama. Jua kali linaunguza majani. Yanakuwa ya kahawia na nguvu ya dawa inapotea. Mnunuzi anataka unga wa kijani."

Nyuma kabisa alikaa Kijakazi. Kijakazi alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kukaanga samaki barabarani. Aliinua mkono.

"Tutajuaje kama yamekauka, Bibi Shamba?"

"Likunje jani mkononi. Likivunjika kwa mlio, limekauka. Likipinda tu, bado lina maji. Ukilitwanga hivyo, unga utaota ukungu ndani ya gunia."

"Na vyombo je?" Kijakazi aliuliza tena. "Mimi nashinda na samaki."

Wingu zito lilikuwa limetanda, na Wilhelmina alikuwa na baiskeli na safari ndefu mbele yake. "Vyombo viwe safi," alijibu, akainuka. "Mkifuata hayo hamtakosea."

Safina alisikia neno "safi" akatabasamu. Moyoni alisema, kwa hilo mimi sina wasiwasi. Kijakazi yeye hakuridhika na jibu. Jioni alikwenda kwa mjomba wake, fundi wa kuchonga, akamwomba kinu kidogo. Akakiweka ndani, akakifunika kwa kitambaa. Hakutia kitu kingine humo ila mwarobaini.

Mzigo wa kwanza ulipokelewa vizuri. Bwana Felix alisifu. Akina mama walifurahi, wakavishwa kanga mpya na jasho lao wenyewe. Wakachuma tena.

Sasa sikiliza kosa lilivyoingia. Safina alizaliwa visiwani, kule delta, katikati ya mikoko. Baba yake alivua kamba, babu yake alivua kamba, na kaka yake Bashiru mpaka leo anavua kamba. Wakati wa kamba ulipofika, Bashiru alimletea dada yake magunia ya kamba wakavu. Safina aliwatia kinuni, akawatwanga kidogo kidogo ili maganda yatoke, kama alivyofundishwa na mama yake. Kisha aliwapeleka kuuza sokoni Kibiti. Alipomaliza alikisugua kinu kwa mchanga na maji, akakiosha mara nyingi, akakianika juani. Kinu kikawa cheupe. Akatia majani yake ya mwarobaini, akatwanga.

Je, alinusa? Alinusa. Hakusikia kitu. Mtu aliyezaliwa ndani ya harufu ya kamba, akanyonyeshwa humo na kuolewa humo, atawezaje kuisikia? Kwake ile ilikuwa harufu ya nyumbani tu.

Siku ya kukusanya, akina mama walimwaga unga wao wote juu ya turubai moja. Ndivyo walivyozoea. Waliuchanganya kwa makoleo ya miti, wakajaza magunia mapya, wakaimba. Pikapu ikaondoka.

Haikukaa sana ikarudi. Na magunia ndani yake.

Bwana Felix hakusalimu vizuri siku hiyo. Aliyashusha magunia mbele ya banda, akafungua moja.

"Nuseni!" alisema. "Mkaguzi wa Wazungu amefungua mzigo ghalani Dar, amekunja uso. Unga wote unanuka samaki. Wote! Nimeaibika mbele za watu."

Akina mama walisogea, wakanusa mmoja mmoja. "Ah, kweli," walisema. "Lipo shombo. Kwa mbali, lakini lipo."

Zamu ya Safina ikafika. Aliinama, akavuta pumzi. Alisikia mwarobaini mtupu, ule ukali wake wa siku zote. Akavuta tena. Hakuna. Macho yote yalikuwa kwake, mwenyekiti, mwanamke msafi. Aliona haya kusema hasikii. Akainua kichwa.

"Nalisikia," alisema. "Shombo kabisa."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili ulikuja mbio nyuma yake.

"Jamani, tusizunguke," Safina alisema. "Kati yetu hapa, anayeshinda na samaki ni nani?"

Vichwa vyote vikageuka kwa Kijakazi.

"Wallahi si mimi!" Kijakazi alisimama. "Mimi kinu changu cha mwarobaini kiko mbali na cha nyumbani. Njooni mkione! Njooni sasa hivi!"

Hakuna aliyekwenda. Ilikuwa rahisi zaidi kukaa na kuamini. Bwana Felix alifunga mlango wa pikapu. "Nitarudi mara moja tu," alisema. "Mzigo ujao ukinuka, nanunua kwingine. Ruaruke mtaniona nikipita." Na kabla jua halijatua, Kijakazi alikuwa ametolewa katika kikundi.

Mambo yangeishia hapo, ningesema nafuu. Lakini ulimi wa watu haulali. Baada ya siku chache kulikuwa na harusi kwa Bi Fatu. Unajua shughuli zetu. Wanawake wote hukusanyika uani, huyu anakuna nazi, yule anachambua mchele, wengine wanatwanga bizari kwa nyimbo na vigelegele. Kijakazi naye alikuja, kama kawaida. Akashika mchi.

"Wee, Mama Shombo!" Bi Fatu alipiga kelele. "Hebu weka mchi wa watu! Utatutilia samaki kwenye bizari, na sisi tuna wageni!"

Uani kote wakaangua kicheko. Safina alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi. Naye alicheka. Hakucheka sana, lakini alicheka, na Kijakazi alimwona. Kijakazi aliweka mchi chini polepole. Alijifuta mikono kwa ncha ya kanga, akaondoka bila kula.

Tangu siku hiyo jina likamganda. Hata barabarani wateja walianza kumpita. Walisema mikono yake michafu. Jamani! Mwanamke aliyelea watoto wake kwa samaki wale wale.

Wilhelmina alikuwa Utete kwa kazi wakati hayo yakitokea. Aliporudi na kusikia habari, alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Bibi Shamba, karibu ndani!" Safina alimtandikia mkeka.

Wilhelmina alikaa. Pua yake ilichezacheza. Yeye alikulia milimani, kwenye migomba, na kamba alimjua ukubwani.

"Mama Hashimu, una unga wowote uliobaki wa ule mzigo?"

"Upo kidogo kwenye kopo."

"Niletee. Niletee na kikombe, na maji yanayochemka, na kisahani."

Wilhelmina alitia unga kikombeni, akamwagia maji ya moto, akafunika kwa kisahani. Walingoja kidogo, wakiulizana habari za nyumbani. Kisha alifunua, akanusa. Akainuka, akaenda uani, akainama juu ya kinu. Aliporudi, alikaa karibu na Safina na kushusha sauti.

"Mama, unatwangia nini katika kinu kile?"

"Mpunga. Mahindi. Na kamba wa kaka yangu, lakini nakiosha! Nakisugua kwa mchanga, Mungu shahidi wangu!"

"Najua unakiosha. Lakini kinu ni mti, na mti unakunywa. Mafuta ya kamba yanaingia ndani, maji hayayafikii. Ukitwanga kitu kingine, yanatoka tena. Maji ya moto yanaiamsha ile harufu. Ndiyo maana nimeyatumia."

Safina alihisi uso unawaka. "Lakini mimi sisikii kitu."

"Huwezi kusikia. Umeizoea. Hata mimi siisikii harufu ya moshi wa jikoni kwa mama yangu. Wageni ndio wanaoisikia." Wilhelmina alipumua. "Na si harufu peke yake. Kuna watu wakila kamba, hata chembe, wanavimba midomo, wanawashwa mwili, pumzi inabana. Wengine hufa. Mtu kama huyo akinunua dawa ya mwarobaini, akakuta kamba ndani yake, tumemfanyia nini? Ndiyo sababu Wazungu walikataa mzigo. Hawakuwa wanaringa."

Safina hakuinua macho kutoka kwenye mkeka.

"Na mimi nina lawama yangu," Wilhelmina alisema. "Kijakazi aliniuliza habari ya vyombo. Nikaikimbia mvua, nikasema viwe safi, basi. Ilinipasa kusema viwe vya mwarobaini peke yake. Kikundi nitakiambia hivyo. La kinu chako, mama, nakuachia mwenyewe."

Usiku ule Safina hakula. Dadi aliuliza, na Safina akamweleza yote.

"Sasa unalia nini?" Dadi alisema. "Hiki kinu kibaki cha kamba. Tutachongesha kingine. Nani atajua?"

"Bibi Shamba anajua."

"Yule si mtu wa maneno."

"Na Kijakazi je, Baba Hashimu?"

Dadi alikuna kidevu. "Kijakazi watu watasahau. Wewe ukisema, utapoteza uenyekiti, na mimi nitachekwa msikitini. Nyamaza, mke wangu."

Ulikuwa ushauri rahisi, na Safina alijaribu kuufuata. Kesho yake alikwenda barabarani. Alijiambia anakwenda tu kununua kitoweo. Karai la Kijakazi lilikuwa limejaa, na hapakuwa na mteja hata mmoja. Nzi ndio waliokuwa wateja.

"Salamu alaikum, Kijakazi."

"Alaikum salamu. Unataka samaki, mwenyekiti, au umekuja kunusa?"

Safina alikuwa amepanga maneno ya kuomba radhi njia nzima, lakini hakuyasema. Alinunua samaki asiyemtaka, akarudi nyumbani akijichukia. Njiani alikutana na jirani, naye akauliza kwa kicheko, "Umenunua kwa Mama Shombo? Huogopi?" Safina alitamani ardhi ipasuke. Jina lile alikuwa amelipika yeye, na mwenziwe ndiye aliyelishwa.

Siku ya mkutano ilipofika, alimwomba Wilhelmina aje na birika la maji ya moto. Halafu akafanya jambo jingine. Alimtuma mtu kumwita Kijakazi. Kijakazi alikuja, lakini hakuingia bandani. Alisimama nje, mikono kifuani.

Safina alitia unga wake kikombeni mbele ya wote. Akamwagia maji ya moto.

"Huu umetoka kopo la nyumbani kwangu," alisema. "Nuseni."

Akina mama walinusa. Wakatazamana. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Mama Hashimu, mbona shombo liko huku?"

"Liko huku kwa sababu ni langu. Nilitwanga kamba katika kinu kile kile. Nilikiosha nikadhani inatosha. Bwana Felix alipotuambia tunuse, mimi sikusikia kitu, nikaona haya kusema, nikadanganya. Kisha nikamsingizia mtu ambaye hakukosa. Kijakazi, nimekukosea. Nakuomba radhi. Uenyekiti nauacha leo."

Kijakazi alisogea hatua mbili.

"Siku ile nilisema njooni mkione kinu changu," alisema. "Mimi nauza samaki. Nalijua shombo linavyoganda kwenye mti, kuliko ninyi nyote. Hamkuja. Wewe ulikuwa mkubwa wetu, na hukuja." Akawatazama wenzake. "Kikundini nitarudi, kwa sababu kazi naijua na watoto wanakula. Radhi sitakupa hapa."

"Nifanye nini, mwenzangu?"

"Mimi sikutukanwa hapa bandani. Nilitukanwa jikoni kwa watu, mbele ya wanawake wa vijiji vyote. Kasemee huko."

Safina aliitikia kwa kichwa. Kusema mbele ya wenzake wa kikundi kumbe kulikuwa kazi ndogo.

Kabla hawajatawanyika, Wilhelmina alisimama, akasema kosa lake kama alivyoahidi. Kisha wakapanga upya kazi yao. Walichongesha vinu vya kikundi, vya mwarobaini peke yake, vikakaa bandani vimefunikwa. Michi yake huko huko, machekecheo yake huko huko. Nyumba yenye kamba au samaki haikuruhusiwa kuanika majani uani kwake, ila mwenye nyumba alikuja kuanika kwenye chanja ya kikundi. Kila mtu alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika majani. Na unga haukumwagwa tena pamoja. Kila mama alifunga wake katika mfuko wake, akafunga na kitambaa cha rangi yake, ili kosa likitokea lijulikane limetoka wapi, asisingiziwe mtu. Kila mfuko ulijaribiwa kwa maji ya moto. Kujaribu huko walimpa Kijakazi, aliyezoea kutafuta harufu mbaya katika samaki kabla ya kuwakaanga. Alinusa kwa makini, na mfuko ukimtia shaka, aliuweka pembeni bila kujali ni wa rafiki au wa nani.

Bwana Felix alikuja kama alivyosema. Alinusa, akanusa tena, akatafuta kosa kama mtu aliyeangusha sindano. Hakuliona. Magunia yakapakiwa. Safari hii hayakurudi. Badala yake yeye mwenyewe ndiye aliyerudi, anacheka, akisema Wazungu wameupenda unga ule na wanataka mwingine. Akina mama walipiga vigelegele, na hata Dadi aliacha kuogopa kuchekwa msikitini.

Safina hakupiga kigelegele. Deni lake lilikuwa bado.

Basi kukawa na akika kwa Mzee Salumu, karamu ya mtoto mchanga. Wanawake wakajaa uani, moshi, vyungu, kelele. Bi Fatu alikuwepo. Kijakazi alikuwepo, ameinama pembeni juu ya sinia la mchele. Safina aliingia, hakukaa. Alisimama katikati ya mafiga.

"Mama zangu, dada zangu, nisikilizeni," alisema. "Lile shombo la kwenye mwarobaini lilikuwa langu. Kinu kilikuwa changu. Kijakazi hakufanya kosa lolote. Mimi nilimsingizia, na mlipomcheka kwa Bi Fatu, nilicheka pamoja nanyi hali nilikuwa sina hakika na kitu."

Bi Fatu akapiga makofi. "Kumbe! Basi Mama Shombo ni wewe!"

Kicheko kikaanza huku na huku. Safina aliinamisha kichwa. Alijua ni haki yake, akajikaza alibebe jina.

"Hapana," alisema Kijakazi.

Alisema bila kuinuka, lakini wote walimsikia. "Jina hilo nimelibeba mimi. Najua lilivyonitoa machozi. Asiitwe mtu tena."

Kicheko kilikatika. Bi Fatu alianza kukoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Kijakazi alijisogeza kwenye mkeka, akaacha nafasi kando yake, akalisukuma sinia mpaka katikati.

"Kaa, Mama Hashimu," alisema. "Tuchambue mchele. Wageni wana njaa."